Kinanda cha milioni tano sinunui

Najua nimekuwa kimya. Mwezi wa kumi na moja huku Stockholm jua linazama saa tisa alasiri, na ukichanganya na zamu za usiku mtu unaweza kumaliza wiki nzima hujaona mwanga. Lakini leo sina habari za baridi wala theluji. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa kinanda.

Kwa wale ambao hamumo kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, mambo yako hivi. Jumapili tatu zilizopita, wakati wa matangazo, ilitangazwa kanisani kwetu kwamba "binti yetu aliyeko Uswidi" amekubali kutuletea kinanda kipya. Vigelegele vikapigwa. Mama yangu alikuwa amekaa benchi la tatu, akapewa mikono ya pongezi mpaka nje mlangoni. Jioni akanipigia kunishukuru. Nilikuwa navaa sare za kazi, nikamwuliza, kinanda gani mama? Akanyamaza. Hapo ndipo yeye alipojua kwamba sijakubali kitu, na mimi ndipo nilipojua kwamba nimeshatangazwa.

Siku mbili baadaye katibu wa kwaya akanitumia picha. Kinanda kikubwa cheusi, kina kioo cha kugusa katikati kama simu, taa kila mahali, midundo mamia kwa mamia. Chini ameandika: "Dada, kamati imependekeza hiki. Sisi tumekusanya 1,800,000, wewe utamalizia." Nikaingia dukani kukiuliza bei. Krona 20,900. Krona moja siku hizi ni kama shilingi 250, kwa hiyo piga hesabu: milioni tano na laki mbili na zaidi. Kumalizia kwenyewe ni milioni tatu na laki nne.

Nikaandika kwenye kundi kwamba sitanunua hicho. Jamani! Yaliyofuata mnayajua. Mchoyo. Amesahau alikotoka. Ameshakuwa mzungu. Mmoja akasema hata kanisa lililonibatiza nimelikana. Nimejibu kifupi kule kwa sababu simu haifai kwa mambo marefu, sasa nakaa chini niseme yote hapa, na ninamwomba mdogo wangu amsomee mama mpaka mwisho.

Nianze na pesa ili tuziweke pembeni. Mshahara wangu baada ya kodi ni kama krona 28,000. Nyumba inachukua 11,000. Kadi ya mwezi ya treni na basi ni zaidi ya 1,000. Weka chakula, simu, ada za watoto wawili wa marehemu kaka ambazo mnazijua, na dawa za mama. Krona 13,700 mnazonitaka nimalizie ni karibu nusu ya mshahara wa mwezi. Naweza kuzipata nikiongeza zamu za wikendi mwezi mzima. Nimeshawahi kufanya hivyo kwa mambo mengine na nitafanya tena. Kwa hiyo sisemi sina. Nasema pesa hiyo ikienda huko itakuwa imetupwa, na ninajua inavyotupwa kwa sababu nimeshaitupa mara moja mwenyewe.

Mnakikumbuka kinanda cha 2018? Nilikinunua kwa mtu hapa Stockholm, Yamaha iliyotumika, krona 1,200. Nikakisafirisha kwa mbinde, Addis Ababa, Dar, Mwanza, kisha basi mpaka nyumbani. Kilipokelewa kwa maandamano. Kikapiga miezi kumi na moja. Sasa kiko stoo ya kanisa, kimefunikwa kitambaa cha meza ya bwana, panya wanakitazama.

Sisi wauguzi mgonjwa akifa tunauliza amekufa kwa nini. Mwaka 2019 nilipokuja likizo nikauliza. Jibu: "Umeme ulikiunguza." Nikauliza tena, polepole. Kumbe adapta yake ilipotea siku ya mkutano wa injili. Fundi akaleta nyingine, ya Casio ya zamani, imeandikwa volti 9, tundu linaingia vizuri, akachomeka. Basi. Ndugu zangu, tundu kuingia si kukubaliana. Vinanda vya Yamaha vinataka chanya iwe katikati ya ile pini na hasi iwe nje. Adapta za Casio za zamani za volti 9 zilikuwa kinyume, hasi katikati. Kuna kimchoro kidogo nyuma ya kinanda, duara na alama ya kujumlisha na ya kutoa, kinasema hivyo hivyo. Hakuna aliyekitazama. Na mimi niliyekituma sikumwelekeza mtu, sikutuma adapta ya pili ambayo ingenigharimu krona 300. Nilituma kinanda kama mtu anayetuma mtoto shuleni bila viatu. Kosa hilo ni langu, nalikubali.

Hii habari naifahamu kwa upande mwingine pia. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uuguzi, katika hospitali moja tuliyopelekwa kwa mazoezi kulikuwa na chumba kizima cha mashine za msaada. Mashine ya kutunzia watoto njiti, imetoka Ulaya, mpya kabisa, imekosa kipuri kimoja. Tulikuwa tunaweka juu yake mafaili. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu misaada ya vifaa vya tiba, na kiini chake ni kwamba anayetoa na anayepokea waulizane kwanza: nani atakitumia, nani atakitengeneza, vipuri vitatoka wapi. Kama kwa mashine ya kuokoa mtoto watu walihitaji kuambiwa hivyo, sisi wa kinanda ni nani?

Sasa nije kwenye kinanda chenyewe, maana kwenye kundi nimeambiwa "wewe muuguzi unajua nini habari za vinanda". Niliimba sauti ya pili katika kwaya hiyo hiyo kwa miaka tisa, na huku nimekuwa nikijifunza kupiga, polepole, kwa vidole vizito, tangu 2020. Si mtaalamu. Lakini nimesimama madukani vya kutosha.

Cha kwanza ni vitufe. Kinanda cha kanisa lazima kiwe na vitufe vinavyosikia uzito wa kidole: ukigusa taratibu kinatoa sauti ndogo, ukikaza kinatoa kubwa. Bila hivyo wimbo wa maombi na wimbo wa shangwe vinatoka kwa nguvu moja, kama mtu anayeongea kwa sauti moja msibani na harusini. Na hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia, maana kwa macho vinafanana. Chukueni Yamaha PSR-E273 na PSR-E373. Ukiviweka pamoja mtu hawezi kuvitofautisha kwa mbali. Ya kwanza haisikii uzito wa kidole, ya pili inasikia. Waliokuja baada yao mwaka 2024 nao ni vilevile, E283 haisikii, E383 inasikia. Casio nao wana CT-S300 inayosikia. Mtu wa kwenu akienda dukani asisome maelezo. Achague sauti ya piano, apige kitufe kimoja kwa upole, halafu akipige kwa nguvu. Kama hakuna tofauti, aage.

Cha pili, idadi ya vitufe. Kamati inasema 76. Tenzi zetu ni za sauti nne, na 61 zinatosha kuanzia besi mpaka sauti ya kwanza bila kuhangaika. Ningekuwa nampigia mtu anayesoma Bach ningesema mengine.

Cha tatu ni sauti ngapi kinaweza kutoa kwa pamoja kabla hakijaanza kuzikata. E273 ni 32, E373 ni 48. Mtasema kidole ni kumi, 32 za nini? Ukikanyaga pedali sauti zilizopita zinaendelea kulia chini ya zile mpya, zinajaa haraka. Arobaini na nane ni salama.

Cha nne, na hiki ndicho ningekiweka cha kwanza kama ningekuwa naandika kwa mpangilio: betri. E373 inatumia adapta ya volti 12, lakini pia inakubali betri sita ndogo zile za tochi, hata za kuchaji. Kile cha kioo cha kugusa hakina mahali pa betri. Umeme ukikatika, kimelala. Mtasema umeme ukikatika hata amplifaya inalala, kweli. Lakini mazoezi ya kwaya ni jioni ya Jumatano na Ijumaa, watu thelathini kwenye chumba cha shule ya Jumapili, hapo spika ndogo za ndani ya kinanda zinatosha kabisa. Siku ya ibada mtachomeka kwenye ile amplifaya tuliyo nayo, maana hizo spika za ndani ni wati mbili na nusu kila upande, msidanganyane kwamba zitajaza kanisa.

Halafu uzito. E373 ni kilo nne na nusu hivi. Kijana anakibeba mgongoni kwenda msibani Jumamosi na kukirudisha.

Kwa hiyo kinanda cha chini ya krona 3,000 kina kila tunachohitaji. Kile cha 20,900 kinazidi wapi? Nilikaa nacho dukani nusu saa, muuzaji alinivumilia. Kinazidi kwa midundo. Ndiyo, nasema ukweli, midundo yake ni mitamu ajabu, unabonyeza kidole kimoja cha mkono wa kushoto na bendi nzima inaingia, ngoma, gitaa, tarumbeta. Nilitaka kucheza mle mle dukani na koti langu.

Na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukikataa.

Mwaka 2022 nilikuja kumzika shangazi. Wengi wenu mlikuwepo. Kinanda kilikuwa cha kuazima kutoka usharika wa jirani, na kilipigwa na kijana mzuri tu, mpole, sina neno naye, hakuna aliyewahi kumfundisha zaidi ya kitufe cha kuanzia na kitufe cha kusimamishia. Jeneza linatolewa nje, kwaya inaanza wimbo wa kuaga. Kijana anabonyeza. Ukatoka mdundo wa harusi. Akahangaika, akaubadilisha, ukaja mwingine wa polepole kidogo, lakini mdundo ni mashine, haumsubiri mtu. Wazee wetu wanaimba wakivuta mwisho wa kila mstari, wanapumua, wanaanza upya. Mashine haipumui. Ubeti wa kwanza wakaachwa nyuma, ubeti wa pili wakajaribu kukimbia, ubeti wa tatu nikawatazama, wamefunga midomo. Bibi zetu wale walioimba na shangazi miaka arobaini wamesimama kimya kwenye mazishi yake, kinanda kinaendelea peke yake.

Halafu umeme ukakatika. Mnakumbuka? Kukawa kimya kidogo, kisha mzee mmoja nyuma akaanza besi, na sauti zote nne zikaingia. Mpaka kaburini hatukuhitaji kitu.

Sisemi basi tuache vinanda. Ningekuwa na msimamo huo nisingehangaika na bei. Ninachosema ni kwamba kinanda kinatakiwa kiwe kinamfuata mwimbaji, na kinanda hakiwezi kumfuata mtu, anayefuata ni mpigaji. Kwaya yetu haina mpigaji. Ina mbonyezaji. Mkimpa mbonyezaji midundo mamia badala ya mia, mmemwongezea vya kubonyeza.

Huku naona kinyume chake. Kanisa ninalosali, kusini mwa jiji, lina mpiga kinanda wa kuajiriwa, wanamwita kantor. Ni kazi yenye mshahara na mafunzo, kama mimi nilivyosomea uuguzi. Ana miaka kama sitini. Kinanda chenyewe ni cha mabomba, lakini siku chumba kile kilipokuwa kinatengenezwa alipiga miezi miwili kwa kinanda kidogo cha umeme cha kawaida, na niwaambieni, hatukuona tofauti kubwa. Anatutazama kwa kioo kidogo kilichowekwa pembeni yake. Ajuza wa mbele wakichoka anapunguza. Ubeti wa huzuni anatoa sauti nyingi anabakiza chache. Na hawa wapigaji hawaanguki kutoka mbinguni: karibu kila manispaa ya Uswidi ina shule ya muziki na sanaa ya watoto. Mtoto wa mwenzangu wa kazini ana miaka tisa, anafundishwa piano kila wiki kwa ada ndogo ya muhula.

(Msinielewe vibaya. Siku nyingi ibadani tuko watu ishirini na tano, na kumi kati yao ni wageni kama mimi. Wao wana mpigaji, hawana waimbaji. Sisi tuna waimbaji mpaka nje madirishani. Mungu ana mgawo wake wa ajabu.)

Najua hoja yenu kubwa, na si ya kipuuzi. Mnasema vijana wanahama. Wanakwenda kwenye yale makanisa mapya yenye muziki mkubwa, na sisi tukibaki na kinanda kidogo tutabaki na wazee. Nimelifikiria sana hili kwa sababu hata binamu zangu wawili wamehama. Nikampigia mmoja wao nikamwuliza, ulifuata kinanda? Akacheka. Akasema kule alipofika wiki ya pili alikabidhiwa gitaa la besi na mtu wa kumfundisha, kila jioni. Kwetu alikaa miaka minne kwenye kwaya, kila akisogea karibu na kinanda anaambiwa "usiguse, utaharibu". Kwa hiyo alihama na hajaharibu kitu. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia, na milioni tano haiizibi. Tena nawaambia, kinanda kikiwa cha milioni tano hilo "usiguse" litakuwa na kufuli na ufunguo wake utakaa kwa mzee wa kanisa.

Hoja nyingine niliyoisikia ni ya Uswidi. Kwamba Bukoba na Uswidi ni ndugu, vitu vimekuwa vikija tangu zamani. Ni kweli, historia yetu hiyo. Askofu wa kwanza wa Kilutheri pale kwetu alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, mwaka 1961. Lakini mwaka 1964 kiti kile alikikalia Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba, na mwaka 1977 akawa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Wazee wetu walikuwa wanajenga watu. Sisi wajukuu tunatuma picha za vinanda.

Na kwani hicho "cha Ulaya" ni cha Ulaya? Nilikigeuza kile kidogo dukani, nyuma kimeandikwa kimetengenezwa China. Kile kile kinauzwa Dar. Tofauti ni kwamba huku bei ina VAT ya asilimia 25 ndani yake, na mimi mkazi wa hapa sirudishiwi nikisafiri nacho. Nikifika uwanja wa ndege wa kwetu nakutana na forodha. Sheria ya huku inanipa miaka mitatu ya kurudisha kitu kibovu dukani, haki nzuri sana, lakini duka liko Stockholm na kinanda kitakuwa Bukoba. Nani atakipeleka na kukirudisha? Na plagi ya huku haiingii kwenye soketi za kwetu, itabidi kiungo, na viungo mnavijua vinavyolegea na kutoa cheche. Kuna wengine wataniambia, basi tuletee vile vya bure. Ni kweli, huku kila siku mtu anatangaza mtandaoni piano ya marehemu bibi yake, bure, njoo uibebe tu. Vinanda vile vya kukanyaga upepo kwa miguu, kama kile cha wamisionari wanachokisimulia wazee, navyo bure. Piano moja ina kilo zaidi ya 200. Njooni muibebe.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachokitoa, na sitoi kingine.

Natoa krona 6,000, yaani shilingi 1,500,000. Ukijumlisha na 1,800,000 zenu ni 3,300,000. Kaka yangu aliyeko Dar ataingia Kariakoo na mpigaji mmoja wa kweli, si peke yake, watafute E373, E383 au CT-S300, mpya, yenye adapta yake ndani ya boksi. Watapiga kitufe kwa upole na kwa nguvu kama nilivyosema. Kinanda, pedali, mkoba na adapta ya pili ya aina ileile, tutenge 1,000,000. Kikibaki chochote kirudi mfukoni. Stendi na waya, pamoja na kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, tutenge 150,000. Kinanda kisichomekwe ukutani bila hicho kifaa hata siku moja. Adapta zote mbili zifungwe kitambaa chekundu na ziandikwe KINANDA kwa kalamu isiyofutika.

Inabaki 2,150,000, na hapa ndipo ninapotaka tugombane vizuri. Mjini yupo mwalimu mstaafu anayesoma nota na solfa zote mbili, mnamjua, aliwafundisha baadhi ya wazazi wetu. Nimeongea naye. Anataka 15,000 kwa kipindi. Vipindi viwili kwa wiki, wiki arobaini na nane, ni 1,440,000. Mwaka mzima. Wanafunzi wanne, na wawili wawe wasichana, hilo silijadili. Miezi sita ya kwanza kitufe cha midundo kisiguswe. Waanze na tenzi kumi za *Mwimbieni Bwana* zile tunazoimba kila wiki, mikono miwili, sauti nne, wakifuata kwaya na si kwaya iwafuate wao. Nao wasikitegemee kile kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, maana kinalemaza, mtu anapiga C maisha yake yote anadhani anajua kumi na mbili. Laki saba na kidogo zitakazobaki zikae benki kwa jina la kwaya, za matengenezo.

Baada ya mwaka, kama kati ya hao wanne yupo anayetaka kuendelea, Makumira wana shahada ya muziki, na Bagamoyo kuna TaSUBa. Ada ya huyo mmoja mniite mimi kwanza kabla ya kumwita mtu mwingine. Hapo nitaongeza zamu za wikendi na sitalalamika.

Mtasema nimeweka masharti. Nimeweka. Anayetoa karibu nusu ya pesa anaruhusiwa kuuliza zinakwenda wapi, na hata asiyetoa chochote, akiwa ameimba miaka tisa pale, anaruhusiwa. Kama kamati haitaki, zile 1,800,000 ni zenu, nunueni mnachotaka, sitanuna. Za kwangu zitakwenda kwa yule mwalimu moja kwa moja na watoto watajifunzia kwenye kile kinanda kidogo nitakachonunua mwenyewe, kitakaa sebuleni kwa mama. Majirani watavumilia.

Jambo la mwisho ni la mama. Waitu, yule aliyesimama mbele akatangaza jina langu bila kuniuliza namwomba asimame tena palepale Jumapili ijayo, aseme tangazo lilikosewa na kosa si la mama yangu. Maneno kumi yanatosha. Mama amekuwa akiingia kanisani kwa mlango wa pembeni kwa wiki mbili sasa, mdogo wangu ndiye aliyeniambia, yeye mwenyewe hajasema.

Kaka yangu yuko tayari kwenda Kariakoo Jumamosi ya wiki ijayo. Katibu, nasubiri jibu lako kabla ya Alhamisi, piga baada ya saa nane mchana ya huko, kabla ya hapo nitakuwa nimelala, natoka zamu.